Bendera: Kocha wa Ndola aliyeingia bungeni

Morotonga. SIKU ya mechi ya Taifa Stars, kibanda umiza cha Morotonga, wilayani Serengeti, hakikosi ubishi. Vijana wanamtaja Mbwana Samatta na Simon Msuva. Wazee nao wakipewa nafasi wanarudi Ndola, mwaka 1979, kwa Peter Tino.

Ila kuna jina moja ambalo hata wazee huwa wanalipita haraka: Joel Nkaya Bendera. Huyu hakufunga bao, alikuwa kwenye benchi. Halafu maisha yakampeleka mbali na uwanja, akawa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa.

NDOLA 1979
Agosti 26, 1979, Stars ilitua Ndola ikiwa na mtaji wa bao 1-0 iliyoshinda Dar es Salaam. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin miezi michache tu nyuma. Fedha hakuna, bidhaa dukani hakuna, na Zambia nyumbani kwao walikuwa hawashikiki.

Zambia wakatangulia kufunga na uwanja ukalipuka. Mechi ikiwa inaelekea ukingoni, Tino akasawazisha, 1-1. Basi tena! Tanzania ikafuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Nigeria, kwa mara ya kwanza, na Bendera akiwa kocha mzalendo wa kikosi kile cha kina Jella Mtagwa, Leodegar Tenga na Juma Pondamali.

Fainali zenyewe zilikuwa ngumu. Stars ilipigwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast kwa bao la Thuwein Ally. Ikarudi na pointi moja.

KUTOKA BENCHI HADI JIMBONI
Wanasoka wengi wa enzi zile walipotundika daluga walipotea. Bendera yeye aliingia kwenye siasa. Mwaka 2005 alishinda ubunge wa Korogwe Mjini, mkoani Tanga, kwa tiketi ya CCM. Baadaye Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo.

Kocha akawa bosi wa michezo. Akiwa wizarani, Stars ya Mbrazili Marcio Maximo ilicheza fainali za kwanza za CHAN, Ivory Coast, mwaka 2009. Iliwafunga wenyeji 1-0, bao la Mrisho Ngassa, na ikatoka 1-1 na walewale Zambia. Juni 2010 Brazil wakaja Dar es Salaam, wakashinda 5-1.

Mwaka huohuo ubunge ukaisha. Siasa haina tofauti na ukocha, leo unashangiliwa, kesho kiti kina mwingine. Lakini hakukaa benchi muda mrefu. Alipelekwa Morogoro kuwa mkuu wa mkoa, baadaye Manyara. Hiyo ni mikoa yenye ugomvi wa wakulima na wafugaji, na watu wa Serengeti na Tarime hawahitaji kuelezwa ugomvi wa ardhi unavyokuwa. Alistaafu Oktoba 2017.

POINTI MOJA, MIAKA 44
Miezi miwili haikupita. Desemba 2017 Bendera akafariki dunia.

Kinachouma ni hesabu ya siku. Machi 24, 2019, Stars iliichapa Uganda 3-0 kwa Mkapa na kufuzu AFCON kwa mara ya pili, baada ya miaka 39. Mtu aliyekuwa ameisubiri siku ile kuliko wengi alikuwa amezikwa miezi 15 nyuma.

Ile pointi ya 1980 nayo ilibaki peke yake hadi Januari 21, 2024, Stars ilipotoka 1-1 na nani? Zambia!

Kwa Mara, habari hii ina uzito wake. Mkoa huu ulikuwa na Biashara United Ligi Kuu kuanzia 2018. Mwaka 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Kombe la Shirikisho, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na kutolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja.

Wanasiasa wa kugawa jezi na mipira wakati wa kampeni wapo kila kijiji. Wa kuingia kwenye kikao cha bajeti akiwa anajua timu isiyo na nauli inavyokuwa, hao ni wachache. Bendera alikuwa mmoja wao.

AFCON 2027 inakuja nyumbani, Tanzania, Kenya na Uganda. Kibanda cha Morotonga kitajaa. Jina la Tino litatajwa tu, hilo halina ubishi. Safari hii na la kocha wake litajwe.