Steling Mpya wa 007 Atoke Kanda Yetu

Kuna sheria moja ya banda umiza ambayo mtoto wa Magu anaijua kabla hajajua kusoma: steling hafi. Atapigwa, atatoswa majini, atafungwa kamba kwenye ghala linalowaka, ila mwisho wa muvi anatoka mzima na demu wake pembeni. Mwaka 2021 sheria hiyo ikavunjwa na mwamba mwenyewe. Kwenye No Time to Die, James Bond kafa. Daniel Craig kasimama kule juu kisiwani, makombora yakamshukia, ngoma ikaishia hapo. Muvi ilipofika kitaa kwenye flashi, wapo wana walioapa kwamba jamaa wa kujaza muvi kakata kipande cha mwisho.

Tangu siku hiyo swali la kijiweni ni moja: nani anarithi ile suti? Wana wa bodaboda pale kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, abiria wakikata, kila mmoja anabonga na jina lake. Huyu anamtaka Henry Cavill kwa sababu ya mwili. Yule anakomaa na Aaron Taylor-Johnson. Madogo wa sekondari wanamtaja Tom Holland, na hapo ndipo kelele zinapoanza, maana kwa wakongwe Holland ni Spider-Man na atabaki hivyo.

Jina linaloungwa mkono na wengi huku ni Idris Elba. Namuelewa kila anayelitaja. Baba Sierra Leone, mama Ghana, mwenyewe mzaliwa wa London, na sauti yake tu inatosha kumfanya adui atubu. Halafu jamaa ni kama ndugu kwetu: Januari 2023 alikutana na Rais Samia kule Davos wakajadili studio ya filamu, na mwaka 2024 serikali ya Zanzibar ikasema imemtengea eneo la takriban hekta 80. Kuna kitu kingine kinachonisisimua kinoma. Desemba 2014 wadukuzi walipomwaga barua pepe za kampuni ya Sony, mojawapo ilikuwa ya bosi wao Amy Pascal, akisema Bond anayefuata awe Idris. Machi 2025 Amy Pascal huyohuyo akatangazwa mtayarishaji wa muvi mpya ya Bond, pamoja na David Heyman.

Ila mimi nasema muda wa Idris umepita. Kwa nini? Hesabu, wana. Kazaliwa Septemba 1972. Craig alishika hiyo kazi miaka 15, kuanzia Casino Royale ya 2006 aliyoitoa akiwa na miaka 38. Matajiri hawamwagi mkwanja kwa steling wa muvi moja. Amazon waliinunua MGM, studio ya muvi za Bond, mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.5, na Februari 2025 wakaichukua sauti ya mwisho juu ya Bond kutoka kwa familia ya Broccoli iliyokuwa nayo tangu enzi za Sean Connery. Wakamleta Denis Villeneuve wa Dune kuongoza, na Steven Knight wa Peaky Blinders kuandika. Mwaka 2025 ulipoisha, kiti cha steling kilikuwa bado wazi. Watu wenye mipango mirefu namna hiyo watataka mtu wa miaka thelathini na kitu. Na Idris mwenyewe alishasema maneno ya kibaguzi juu ya rangi yake yalimtoa kabisa kwenye mzuka.

Mimi mwamba wangu ni Daniel Kaluuya. Mzaliwa wa London mwaka 1989, wazazi wake wote Waganda, yaani damu ya ng'ambo tu ya Ziwa letu. Mliomwona kwenye Get Out mnajua jamaa anaweza kukaa kimya, akatoa macho tu, na banda zima likatulia. Mwaka 2021 akabeba Oscar. Jasusi anahitaji uso unaoficha mambo, na Kaluuya anao. Akikosa yeye, basi Ncuti Gatwa: mzaliwa wa Kigali mwaka 1992, familia ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Scotland. Sehemu ya utoto wake aliishi Edinburgh, mji aliozaliwa Sean Connery, Bond wa kwanza wa sinema. Anayesema Gatwa hafanani na Bond akaangalie ramani kwanza.

Kwa nini najali kiasi hiki? Rudini mkaiangalie Casino Royale mwanzoni. Maandishi yanakuja: Mbale, Uganda. Jirani kabisa! Na tunaoneshwa nini? Waasi, silaha, na pesa chafu anayokabidhiwa Le Chiffre, adui mkuu wa muvi. Kiongozi wa waasi, Obanno, kachezwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, mwigizaji mkali haswa, ila kazi aliyopewa ni kuja kufia kwenye ngazi za hoteli. Madagascar nayo imo, ile ya kukimbizana juu ya kreni, na wala hawakwenda Madagascar, walipiga picha Bahamas. Mtoto wa Uganda au Rwanda akivaa ile suti, mdogo wako bandani ataona sura ya nyumbani upande wa steling.

Na hapa ndipo ninapotaka wana mnisikilize. Upande huo tulishakuwa nao zamani. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, akatuletea Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania. Mwaka 1979 ikaja Kikosi cha Kisasi, Willy kapelekwa Kinshasa kupambana na wauaji wa wapigania uhuru. Willy ananyuka pamba kali, anajua bastola, anajua totoz, ila kazi yake ina uzito kuliko ya Bond. Bond analinda ufalme. Willy alikuwa analinda ukombozi wa Afrika, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Madingi wetu waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakachanika.

Nikimfikiria Willy Gamba kwenye skrini, sura inayonijia ni ya Steven Kanumba. Mtoto wa Shinyanga, Msukuma mwenzetu, aliyevuka mpaka akacheza na Wanaijeria wakubwa, akaondoka Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Leo bado angekuwa na umri wa kumcheza Willy. Inauma, na sioni aibu kusema. Kwa waliopo, kura yangu ni ya Gabo Zigamba, kwa sababu anaigiza na mwili mzima na hapayuki. Idris Sultan naye yumo, ana ucheshi na anajua kuvaa, ila Willy akiua lazima umuamini, na hapo Gabo anamzidi.

Msiniambie riwaya ya Kiswahili haiingii kwenye muvi. Amil Shivji kaichukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kaifanya muvi, ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, halafu ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye mbio za Oscar. Njia ipo.

Basi watayarishaji wa Bongo, wenye mkwanja na kamera, kaeni mezani na wenye haki za vitabu vya Musiba mtuletee Willy Gamba. Na usaili msiufanyie Dar peke yake. Njooni Mwanza, wana wa Magu nauli tutaitafuta.