Ligi Ikisimama, Nani Aanze Kukosa Mshahara?

Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, timu ya wilaya yetu ya Mbarali, iliifunga Yanga mabao 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estates na kukomesha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mbarali nzima ilishangilia, kuanzia Ubaruku na Rujewa hadi huku kwetu Madibira. Walioimbwa siku ile walikuwa wachezaji na kocha, na walistahili. Lakini mechi ya Ligi Kuu haichezwi na watu 22 peke yao. Kuna anayechora mistari ya chokaa kabla jua halijawa kali, kuna wa getini, kuna mpishi wa kambi, kuna mtunza vifaa anayeloweka jezi zenye tope zito la Usangu na kubadilisha maji ya beseni mara tatu, mara nne, mpaka rangi ya jezi irudi. Hawa ndio ninaotaka tuwazungumzie, kwa sababu janga linapokuja ndio wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani.

Mwaka 2020 jambo hili liliitikisa Uingereza. Korona ilipofunga viwanja, serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuokoa ajira: mfanyakazi anapumzishwa, mwajiri hamfukuzi, na serikali inalipa asilimia 80 ya mshahara wake, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Nia ilikuwa kunusuru ajira ambazo waajiri wasingeweza kuzilipia, kama za migahawa, maduka na viwanda vidogo. Tarehe 31 Machi Tottenham ikatangaza kuwapunguzia mshahara kwa asilimia 20 wafanyakazi 550 wasio wachezaji, na kutumia mpango huo pale inapofaa. Siku hiyohiyo hesabu za klabu zilionyesha kwamba mwenyekiti wake, Daniel Levy, alilipwa pauni milioni 7 katika mwaka wa fedha uliotangulia. Siku nne baadaye Liverpool, iliyokuwa imetangaza faida ya pauni milioni 42 kabla ya kodi, ikasema inawapumzisha wafanyakazi wapatao 200. Mashabiki wake wenyewe walikasirika. Baada ya siku mbili klabu iliomba radhi na kufuta uamuzi. Tottenham nayo ilirudi nyuma kabla Aprili haijafika katikati.

Wengi huyaweka makosa haya mawili kwenye kapu moja. Mimi nayatenganisha. Liverpool iliahidi kuongeza asilimia 20 iliyobaki, hivyo mfanyakazi wake asingepoteza hata senti. Aliyedhulumiwa pale alikuwa mlipakodi, maana fedha ya umma iliyotengwa kwa wanyonge ilikuwa inakwenda kumpunguzia tajiri gharama. Tottenham ilimgusa mfanyakazi moja kwa moja, ikakata kipato cha mtu wa chini wakati mikataba ya wachezaji ikiendelea kama ilivyoandikwa. Kosa la kwanza ni la raia asiye mwaminifu kwa hazina ya wote. La pili ni la mwajiri asiye mwaminifu kwa watu wake, na kwangu hilo ndilo zito zaidi.

Barcelona, mwisho wa Machi mwaka huohuo, wachezaji walikubali kukatwa asilimia 70 ya mishahara yao wakati wa hali ya dharura, na wakasema watachangia ili wafanyakazi wengine wa klabu wapate mshahara wote. Arsenal ilikwenda njia nyingine. Wachezaji walikubali kukatwa asilimia 12.5 mwezi Aprili, lakini ilipofika Agosti klabu ikatangaza kupunguza wafanyakazi 55, na mwezi huohuo ikaendelea kusajili. Hapo ndipo hoja ya kwamba "fedha hakuna" inapokosa miguu. Klabu inayosajili ina fedha. Imechagua tu nani zisimfikie.

Turudi nyumbani. Tarehe 17 Machi 2020 serikali yetu ilisimamisha michezo na mikusanyiko, na ligi haikurudi hadi katikati ya Juni. Simba ilijihakikishia ubingwa hapahapa Mbeya, uwanja wa Sokoine, kwa sare na Tanzania Prisons tarehe 28 Juni. Katika miezi ile hapakuwa na mfuko wa serikali wa kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mtu yeyote. Ndiyo maana kosa la Liverpool haliwezekani kwetu. La Tottenham linawezekana, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu shilingi isiyotoka klabuni haitoki popote.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kubadili masharti ya kazi kimyakimya. Akitaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kabla ya kuamua. Akiwaachisha, aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi anadai kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka kumi. Tupige hesabu. Mtunza vifaa aliyekaa miaka sita kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi anaondoka na siku 42, yaani kama shilingi 323,000. Sare za shule za watoto wawili, mbolea kidogo, imekwisha. Na huyo ni mwenye mkataba. Wengi wa watu niliowataja ni vibarua wa siku ya mechi. Ligi ikisimama hakuna anayewaachisha kazi, kwa kuwa hakuna karatasi inayosema waliwahi kuajiriwa.

Mkulima wa Madibira hahitaji mhadhara kulielewa hili. Skimu yetu ina hekta zinazokaribia 3,000 na maji yake ni ya mto Ndembera. Mwenye shamba aliyevuna vizuri miaka mitatu na ghala lake lina magunia, mwaka wa ukame akimwambia kijana aliyekuwa akimwamia ndege kwamba ujira wake umekauka pamoja na mto, kijiji kitamwona mtu wa namna gani? Hasara ya mwaka mbaya ianzie kwa aliyeweka akiba ya miaka mizuri. Mwenye klabu kwanza, kisha viongozi wanaolipwa vizuri, kisha nyota wenye mikataba minono, na mfyeka nyasi awe wa mwisho.

Najua jibu la viongozi: klabu zetu nyingi si matajiri. Ni kweli. Klabu ya mkoani inayoishi kwa mapato ya getini na hisani ya mfadhili mmoja haiwezi kupimwa kwa kipimo cha Simba, Yanga au Azam. Tumeona Kenya jinsi SportPesa ilivyojitoa mwaka 2019 na wachezaji wa klabu kubwa kabisa wakakaa miezi bila mshahara. Klabu isiyo na kitu haina cha kugawa, na simlaumu kiongozi wake kwa hilo. Ninachomdai ni ukweli: awaite watu wake, afungue hesabu mbele yao, na waamue pamoja nani apunguziwe nini. Lakini tangu mwaka 2021, Azam Media na shirikisho letu la soka, TFF, walipotia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, fedha imeingia kwenye ligi yetu. Sehemu yake lazima imfikie anayefua jezi.

Na janga si lazima liwe ugonjwa. Mwaka 2024 Ihefu ilihamishiwa Singida katikati ya msimu, kisha ikawa Singida Black Stars. Mchezaji ana wakala na dirisha la usajili. Mpika chakula wa Ubaruku hana dirisha. Timu ikihama, ajira yake imehama nayo na yeye amebaki.

Ninaiomba TFF na Bodi ya Ligi waliweke jambo hili kwenye masharti ya leseni za klabu. Kila klabu ya Ligi Kuu iwe na mkataba wa maandishi na kila mfanyakazi wake, hata wa siku ya mechi, na kabla ya msimu kuanza ionyeshe kwamba ina akiba benki ya mishahara ya miezi mitatu ya wasio wachezaji. Kwa klabu kubwa kiasi hicho huenda ni kidogo kuliko gharama ya kumsajili mshambuliaji mmoja wa kigeni. Nanyi wanachama, kwenye mkutano mkuu ujao, kabla hamjauliza nani anasajiliwa, ulizeni mtunza vifaa analipwa kiasi gani na mara ya mwisho alilipwa lini.