Mkanda wa Taimingi: Ubadilishwe Lini, na Wapi?

Kwa askari au polisi mwenye familia, gari la nyumbani ni mali iliyopatikana kwa jasho la miaka mingi. Hapa Uganda mara nyingi fedha za kulinunua hutokana na mkopo wa chama cha akiba, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi. Mkopo huo hukatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi, gari likiwa linatembea au limelala uani bila injini. Kwa hiyo yafaa kila nyumba yenye gari ikifahamu kifaa kimoja kidogo ambacho, kikipuuzwa, chaweza kuliua gari zima kwa kufumba na kufumbua.

Kifaa hicho ni mkanda wa mpira ambao mafundi huuita mkanda wa taimingi. Wengi huuchanganya na mkanda wa feni, ule unaoonekana mara boneti inapofunguliwa na ambao hupiga kelele ukilegea. Mkanda wa taimingi hufichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini, na kwa kawaida haupigi kelele yoyote. Mtu aweza kuendesha gari lake miaka kumi asiuone hata siku moja.

KAZI YA MKANDA HUU

Injini ina mhimili mkuu chini, uitwao krenkishafti, ambao huzungushwa na pistoni. Juu kuna mhimili mwingine, kemshafti, ambao kazi yake ni kufungua na kufunga vali, yaani milango ya kupitishia hewa na moshi. Mkanda wa taimingi huiunganisha mihimili hiyo miwili. Una meno kwa ndani ili usiteleze hata kidogo, kwa maana krenkishafti ikizunguka mara mbili, kemshafti hupaswa kuzunguka mara moja kamili.

Askari aliyepiga kwata ataelewa upesi. Mguu wa kushoto hushuka kwa hesabu yake na wa kulia kwa hesabu yake. Mmoja akikosea hatua, safu nzima hugongana. Ndivyo ilivyo ndani ya injini. Gari likiwa barabarani na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Mwenye kushika hesabu hiyo yote ni ule mkanda wa mpira.

Mkanda ukikatika, kemshafti husimama papo hapo na baadhi ya vali hubaki wazi. Hapo injini hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina nafasi ya kutosha baina ya pistoni na vali. Gari huzimika tu, mkanda mpya hufungwa, na safari huendelea. Injini za Toyota za 4A-FE na 3S-FE, zilizokuwa katika Corolla, Carina na Ipsum nyingi za miaka ya 1990, zajulikana kwa hali hiyo. Kundi la pili halina nafasi hiyo. Pistoni hupanda na kuzigonga vali, vali hupinda, na pengine pistoni yenyewe hutoboka. Injini za dizeli zenye mkanda kwa kawaida zimo katika kundi hili la pili, na pia injini nyingi za petroli zikiwamo kadha wa kadha za Subaru. Hapo kazi iliyokuwa ya kununua mkanda hugeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima, na mara nyingine ya kutafuta nyingine.

KWANZA, JE, GARI LINA MKANDA?

Si kila gari lina mkanda. Mengi hutumia mnyororo wa chuma, ambao huogeshwa kwa oili na hauna tarehe maalumu ya kubadilishwa, mradi oili ya injini ibadilishwe kwa wakati. Premio na Allion zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2001 zina mnyororo. Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE zina mkanda, lakini zile za toleo lililofuata mwaka 2001 zina mnyororo. Hiace za dizeli zenye injini ya 3L, 5L au 1KD zina mkanda. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, gari linalofahamika vizuri katika kambi na vituo vya polisi, nayo ina mkanda.

Hapa pana somo la fedha. Jina la gari halitoshi, kwani jina moja hubeba injini mbalimbali. Mwenye gari na aandike namba ya aina ya injini, ambayo hupatikana katika kibati kilicho ndani ya boneti na pia katika kadi ya gari. Asiyeijua namba hiyo aweza kuuziwa mkanda usioingia, au kutozwa fedha za kubadilisha mkanda katika gari ambalo halina mkanda kabisa.

LINI UBADILISHWE

Kanuni ya kwanza: kilomita au miaka, chochote kitakachotangulia. Kwa injini nyingi za Kijapani kitabu cha gari hutaja kilomita 100,000; baadhi ya injini za dizeli za Toyota huruhusiwa kufika 150,000. Pamoja na kilomita, watengenezaji wengi hutaja umri, aghalabu baina ya miaka mitano na kumi, kwa sababu mpira huzeeka kwa joto hata kama gari halitembei. Mtu anayekwenda kazini kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hutembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Atahitaji zaidi ya miaka minane kuzifikia kilomita 100,000. Huyo asingoje kilomita. Miaka itamfikia kwanza.

Kanuni ya pili: mkanda usio na historia uhesabiwe kuwa umekwisha. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari la kawaida lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake ni kwamba gari la miaka 13 au 14 laweza kuingia kwa halali likiwa na mkanda uliokwisha kupita umri wake, hata kama saa ya kilomita inaonyesha namba ndogo. Na saa hiyo yenyewe yaweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Baadhi ya magereji ya Japani hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Karatasi hiyo ikiwapo na namba zake zikilingana na saa ya gari, ni ushahidi mzuri. Isipokuwapo, neno la muuzaji kwamba "mkanda ni mpya" lisipewe uzito kuliko neno la mtu mwingine yeyote anayetaka fedha.

Kanuni ya tatu: oili au maji yakivuja mbele ya injini, tarehe zote hufutika. Oili hulainisha mpira na kuuharibu mapema. Mkanda uliolowa oili hubadilishwa sasa, na sili inayovujisha hubadilishwa pamoja nao. Vinginevyo mkanda mpya utakufa kwa ugonjwa ule ule.

Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana taa katika dashibodi yenye maandishi T-BELT. Taa hiyo husaidia, lakini huhesabu kilomita tu. Haiuoni mkanda, haijui miaka, na fundi aweza kuizima bila kubadilisha chochote. Ikiwaka, mwenye gari atii. Isipowaka, asiifanye kuwa ushahidi wa pekee.

Tuchukue mfano wa sajini aliyepangiwa Gulu, ambaye amenunua Hiace ya dizeli iliyotumika na anataka kuipeleka familia Kampala kwa likizo. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 300 kwenda peke yake, nayo hupita daraja la Karuma na msitu wake, mahali ambapo nyani ni wengi kuliko mafundi. Mkewe akimwambia, "Baba watoto, mkanda huu hatujui ulifungwa lini, tungeubadilisha kabla ya safari," naye akajibu, "Mama watoto, injini yalia vizuri, tutaangalia tukirudi," ukweli uko upande wa mama. Injini hulia vizuri mpaka sekunde ile ya mwisho. Kwa kuwa ni dizeli, likizo hiyo yaweza kumalizikia kando ya barabara, watoto wakiwa ndani, usiku ukiingia, na deni la injini likiongezwa juu ya deni la gari.

WAPI UBADILISHWE

Mahali pa kwanza pa kufikiria ni karibu na nyumbani, wiki mbili au tatu kabla ya safari ndefu. Kazi hii ikiwa na kasoro, dalili huweza kuonekana mapema: maji kudondoka, oili kuvuja, au injini kukosa nguvu. Gari likiwa karibu, fundi huitwa akaitazama kazi yake. Likiwa limetengenezwa katika mji wa kupitia njiani, fundi hubaki kilomita 200 nyuma.

Kisha huja swali la gereji. Gereji ya wakala wa kampuni hutoza zaidi, lakini huandika kazi yake na aghalabu hutumia spea halisi. Gereji ya binafsi yenye vifaa yaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa fedha pungufu. Fundi wa chini ya mti pia aweza kuwa hodari. Kinachowatofautisha ni namna wanavyofanya kazi, na hiyo yaweza kupimwa kwa maswali manne kabla spana haijashikwa.

Swali la kwanza: "Fundi, umekwisha kuifanya injini ya aina hii?" Swali la pili: "Utazipanga puli kwa alama za kiwandani?" Akijibu, "Afande, mimi natia alama zangu kwa rangi juu ya mkanda wa zamani," na aulizwe zaidi, kwa maana mkanda wa zamani waweza kuwa umekwisha kuruka jino, na rangi itaunakili ule upotovu. Swali la tatu: "Ukimaliza kufunga, utaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuiwasha?" Hili ndilo jaribio kubwa. Vali na pistoni zikigusana wakati wa kuzungusha kwa mkono, spana itakwama na hakuna kitakachoharibika. Zikigusana kwa nguvu ya kuwasha, hasara imekwisha kutendeka. Swali la nne: "Nitarudishiwa mkanda wa zamani na vifaa ulivyotoa?" Fundi mwaminifu hatasita.

Mkanda usibadilishwe peke yake. Tenshena na puli zinazouongoza zina beringi zilizotembea kilomita zile zile. Zikikwama, mkanda mpya hukatwa. Katika injini nyingi, ila si zote, pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu. Hapo ni busara kuibadilisha siku hiyo hiyo, kwani kazi ya kufungua ni ile ile na mshahara wa fundi ni mmoja.

Kuhusu spea, wakazi wa Kampala hukimbilia soko la Kisekka na Ndeeba, na humo hupatikana bidhaa halisi na za bandia, pengine katika kibanda kimoja. Mnunuzi aende na namba ya injini, adai risiti yenye jina la duka, na alinganishe mkanda mpya na wa zamani kwa upana na kwa idadi ya meno kabla haujafungwa. Asinunue kamwe mkanda uliotolewa katika injini kuukuu, hata ukiwa unang'aa. Na mkanda mpya usikunjwe kama shati mfukoni, kwani nyuzi zake za ndani huvunjika bila kuonekana.

HESABU YA NYUMBANI

Tuseme mkanda, tenshena, pampu na ufundi kwa jumla ni shilingi 600,000. Nyumba ikiweka kando shilingi 50,000 kila mwezi, katika mwaka mmoja kazi imelipwa bila kuomba mkopo mwingine. Familia na itafute bei halisi ya gari lake, kisha igawanye kwa miezi iliyobaki.

Gari la kazi lina daftari linaloonyesha kila safari na kila matengenezo, na dereva huulizwa habari zake. Gari la nyumbani nalo lastahili daftari la shule la kurasa chache, likaandikwa tarehe, kilomita, jina la gereji na spea zilizofungwa. Askari huhamishwa, na fundi wa Gulu hatakuwapo Mbarara. Daftari ndilo litakalohama pamoja na familia.

Na ikitokea mkanda umekatika njiani, gari likazimika ghafula na stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, dereva asiendelee kujaribu kuwasha, wala asikubali gari lisukumwe ili liwake. Kila mzunguko wa ziada waweza kupinda vali iliyokuwa imesalimika. Alisogeze gari kando, aweke pembetatu za tahadhari, awatoe watoto upande ulio mbali na barabara, kisha atafute gari la kumvuta.