Je, Wajua? Bia Adimu na Glasi Zinazotoroka

Je, wajua kuwa herufi moja iliyosahaulika ilimpatia mtu bia ya zaidi ya miaka 150 kwa dola 304 tu? Mwaka 2007 chupa ya Allsopp's Arctic Ale iliwekwa kwenye mnada wa eBay, lakini muuzaji aliandika jina lake kwa "p" moja badala ya mbili. Waliokuwa wakiisaka hawakuiona. Aliyeibahatisha akaichukua, akairudisha mnadani ikiwa imeandikwa sawasawa, na hapo dau 157 zikamiminika hadi bei ikagonga dola 503,300! Ila usikimbilie kabati la babu kwanza: aliyetaja bei hiyo ya mwisho hakulipa hata senti.

Bia hiyo nayo ina kisa chake. Ilipikwa mwaka 1852 kwa ajili ya msafara wa Sir Edward Belcher, uliokwenda kwenye barafu ya kaskazini kumtafuta nahodha John Franklin aliyepotea na meli zake. Ilipikwa kali makusudi, isigande kwa baridi. Mwaka 1875 ikapikwa nyingine kwa msafara wa Sir George Nares, na chupa moja ya mwaka huo ikaja kukutwa sandukuni, ndani ya gereji huko Shropshire, Uingereza. Mwaka 2015 ikauzwa pauni 3,300.

Je, wajua kuwa moja ya bia zinazosakwa kuliko zote duniani hupikwa na watawa wasiotaka kuuza zaidi? Ni Westvleteren 12, kutoka abasia ya Mtakatifu Sixtus nchini Ubelgiji, wanakopika bia tangu karne ya 19. Mwaka 2005 wapenzi wa bia waliitangaza kuwa bora duniani, wateja wakafurika langoni. Kiwanda kingine kingejenga matangi mapya kesho yake. Watawa walibaki na kiasi kilekile, wakarudi kusali.

Kwa miaka mingi, kuipata kulikuwa na masharti yake. Unapiga simu, unapangiwa siku, unataja namba ya gari lako, unafika langoni na kupewa kreti zako chache, na unaombwa usiiuze kwa mtu mwingine. Namba ya simu na ya gari zilihifadhiwa, kwa hiyo kurudi wiki inayofuata ilikuwa kujisumbua bure. Mwaka 2019 ndipo watawa walipoanza kupokea oda kwa intaneti.

Na ukiishika chupa yenyewe? Kwa miongo mingi haikuwa na lebo hata kidogo! Kila kitu kiliandikwa kwenye kizibo: cha njano ni 12, cha bluu ni 8, cha kijani ni ile nyepesi. Ndiyo maana wakusanyaji huvitunza vizibo vyake kama stakabadhi.

Ngoja, bado hatujatoka langoni. Paa la abasia lilipohitaji fedha za ukarabati, watawa walikubali kuuza nje ya lango lao. Novemba 2011 vifurushi 93,000 viliingia madukani Ubelgiji, kila kimoja na chupa 6 na glasi 2. Tarehe 12/12/2012 ikawa zamu ya Marekani kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka 2018 duka kubwa moja la Uholanzi lilipoiuza bila ruhusa, karibu euro 10 kwa chupa ambayo langoni haikufika euro 2, watawa walikuja juu.

Je, wajua kuwa huko Marekani chupa ngumu kupatikana huitwa "nyangumi"? Ni kwa kumkumbuka nyangumi mweupe wa riwaya ya Moby-Dick, yule aliyemfanya nahodha asilale. Mtu anaweza kumwinda nyangumi wake miaka na miaka.

Unadhani wawindaji hao wanauziana? Mara nyingi hapana, wanabadilishana. Kuuza pombe bila leseni kunaweza kukufikisha mahakamani, na shirika la posta la Marekani halipokei kifurushi chenye bia. Mwishoni mwa 2013, mtu mmoja wa jimbo la Vermont alikamatwa kwa kuuza kreti 5 za bia ya Heady Topper kwa dola 825. Mnunuzi wake alikuwa askari aliyevaa kiraia!

Na ubadilishanaji wenyewe una adabu zake. Kizibo huzungushiwa utepe wa gundi, chupa huvishwa mfuko wa plastiki endapo itavuja, kisha huvingirishwa kwa nailoni ya mapovu mpaka boksi likitikiswa lisitoe sauti. Halafu mtumaji anaongeza chupa moja au mbili ambazo hamkupatana, kama muuza nyanya anavyokutupia mbili juu ya fungu. Mimi nasema hapo ndipo utamu wote wa mchezo huu ulipo: unafungua boksi, unakuta zawadi kutoka kwa mtu usiyemjua hata sura.

Hiyo Heady Topper nayo, je, wajua kuwa kopo lake linakuamuru unywe humohumo, usimimine kwenye glasi? Maneno yamechapwa juu kabisa, pale jicho linapotua. Agosti 2011 dhoruba Irene iliifurikisha baa ya wapishi wake, The Alchemist, mjini Waterbury, ikaiharibu kabisa. Siku mbili tu baadaye makopo ya kwanza yakatoka kwenye kiwanda chao kipya!

Je, wajua kuwa watu husimama foleni kwa saa kadhaa kwa ajili ya glasi ya bia isiyojaa hata nusu lita? Bia ni Pliny the Younger, ya kiwanda cha Russian River kule California, iliyoanza mwaka 2005 na inayotoka mara moja kwa mwaka, kwa muda mfupi. Kwa miaka 15 haikuwekwa kwenye chupa hata moja. Ulikuwa huna budi kwenda mwenyewe. Jina ni la Mrumi wa kale, na bia ya mjomba wake, Pliny the Elder, nayo ipo.

Shika kiti sasa. Mwaka 2010 kiwanda cha BrewDog cha Scotland kilitoa bia ya kilevi cha asilimia 55, chupa 12 tu, na kila chupa ilivishwa mnyama halisi aliyekaushwa! Saba walikuwa jamii ya vicheche, wanne kindi, mmoja sungura. Shingo ya chupa ilitokea mdomoni mwa mnyama, na bei ilianzia pauni 500.

Asilimia 55 imekushinda? Basi ipo Utopias ya Samuel Adams, yenye asilimia 28 hadi 30, inayotoka kila baada ya miaka miwili. Haina povu wala mapovu, chupa yake ina umbo la sufuria ya shaba ya kupikia bia, na hunywewa kidogokidogo. Majimbo 15 ya Marekani hayairuhusu dukani!

Je, wajua kuwa kifaa kidogo cha kudhibiti joto kiliwahi kuua chupa zaidi ya 80,000 kwa mpigo? Ilikuwa Mei 2009, kwenye ghala la 3 Fonteinen mjini Beersel, Ubelgiji. Kifaa kiliharibika, hewa ya moto ikavuma bila kukoma, na maelfu ya chupa za bia iliyolazwa kwa miaka zikapasuka zenyewe gizani. Mwenye kiwanda, Armand Debelder, alikuwa karibu kufunga. Badala yake, bia iliyoungua ilikenekwa ikawa pombe kali iliyopewa jina lake, na watu wakainunua ili kiwanda kisife. Kisha akachanganya bia nne mpya, moja kwa kila msimu wa mwaka, na leo mwenye seti kamili ya hizo nne haiachii kirahisi.

Na jirani zake wa Cantillon, mjini Brussels, hawaui buibui. Bia yao haitiwi hamira ya dukani. Hupozwa usiku kwenye beseni pana la wazi chini ya paa, na vijidudu vya hewani ndivyo vinavyoichachua. Buibui hula wadudu wanaofuata utamu, basi utando unaachwa ulivyo.

Je, wajua kuwa bia hunuka ikipigwa na jua? Mwanga hupambana na uchungu wa maua ya hopsi na kuzaa harufu ya yule mnyama anayejihami kwa kunuka. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na ile nyeupe hazifui dafu. Ukimwona mkusanyaji ameziba dirisha la stoo yake, sasa unajua anaogopa nini.

Kama unakunywa soda hapo ulipo, chukua kizibo chake uhesabu meno. Ni 21, sivyo? William Painter wa Baltimore alipokibuni mwaka 1892 kilikuwa na meno 24. Na mwaka huohuo wa 1892, kule Dresden, Robert Sputh akapata hataza ya kile kikadi cha kuwekea glasi ya bia! Leo vyote viwili vina wakusanyaji wake, na yupo Mwaustria aliyeingia kitabu cha Guinness kwa vikadi 152,860 visivyofanana.

Lebo je? Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ndiyo alama ya biashara ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, tarehe 1 Januari 1876. Itazame pia kwenye mchoro maarufu wa Manet wa baa ya Folies-Bergère, wa mwaka 1882: chupa zake ziko pale kaunta, pembetatu inang'aa. Na tembo wa lebo ya Tusker ya Kenya? Kiwanda kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo porini. Ndugu yake akaipa bia jina la mnyama huyohuyo.

Unakusanya makopo? Kopo la kwanza la bia liliingia sokoni tarehe 24 Januari 1935, mjini Richmond, Virginia. Kufikia 1970 wakusanyaji wake walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao.

Je, wajua kuwa bia ya baharini inaweza kunuka mbuzi? Mwaka 2010 wapiga mbizi waliibuka na chupa za bia kutoka meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, katika miaka ya 1840. Wanasayansi walipozifungua walinusa jibini iliyopitiliza, mpira ulioungua, na mbuzi! Maji ya bahari yalikuwa yameshapenya. Lakini chupa za meli Sydney Cove, iliyozama karibu na Tasmania mwaka 1797, zilitoa ajabu kubwa zaidi: ndani yake ilipatikana hamira iliyofufuliwa, na mwaka 2018 ikapikiwa bia mpya.

Sasa tuingie kwenye glasi. Glasi ya bia ya Orval, ile pana ya mguu, ilichorwa na Henry Vaes, mbunifu yuleyule aliyechora majengo mapya ya abasia ya Orval! Na ile iitwayo Teku, inayopendwa na waonjaji, ilibuniwa Italia mwaka 2006 na watu wawili, Teo Musso na mwonjaji anayejulikana kama Kuaska. Chukua mwanzo wa Teo na mwanzo wa Kuaska, umepata jina. Mapovu yanayopanda bila kukoma kutoka sehemu ileile chini ya glasi nyingine? Hapo pamekwaruzwa kwa makusudi, mara nyingi kwa miale ya leza, ili mapovu yapate pa kuzaliwa.

Glasi nzuri hutoroka, na hutoroka kwa wingi. Kwenye tamasha la Oktoberfest la Munich mwaka 2019, walinzi waliwanyang'anya watu vikombe 96,912 vilivyokuwa njiani kuelekea nyumbani, na kila kimoja ni cha lita nzima! Baa moja ya Brugge, Ubelgiji, ilipoteza angalau glasi 4,000 kwa mwaka, hata mwaka 2017 ikafunga kengele zinazolia glasi ikivuka mlango.

Mjini Ghent, Ubelgiji hukohuko, wamepata dawa. Kuna glasi ndefu yenye kitako cha mviringo, ambayo haiwezi kusimama yenyewe bila kishikio cha mbao, nayo ni kishawishi kwa kila mgeni. Kwenye baa ya Dulle Griet huletewi ile kubwa ya lita 1.2 mpaka uvue kiatu kimoja na kukiweka rehani. Kiatu hutiwa kwenye kikapu, kikapu hupandishwa kwa kamba hadi darini, kengele inalia, na baa nzima inakugeukia. Rudisha glasi, ushushiwe kiatu. Basi ukipanga safari ya Ghent, vaa soksi zisizotoboka!