Chura Anakaa Wapi? Somo la Makazi ya Wanyama na Mimea Hapa Rugerero

Mwezi huu tunataka kuwaeleza somo ambalo watoto wenu wamekuwa wakilileta mpaka nyumbani. Mama mmoja alitukuta njiani akauliza: "Walimu, nani amemwambia mtoto ageuze beseni yangu kuwa nyumba ya konokono?" Mama, ni sisi, na tunaomba radhi. Somo lenyewe ni makazi ya mimea na wanyama, na ndani yake kuna neno kwa sisi wakubwa pia.

Kwa kweli tulianza vibaya. Tulichora ubaoni ngamia jangwani, dubu mweupe kwenye barafu, na simba mbugani. Watoto walinakili vizuri sana. Halafu mmoja wa darasa la tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, na chura? Eko wa majini ao wa inje?" Sisi walimu tukatazamana. Tulikuwa tunafundisha wanyama ambao hata sisi hatujawahi kuwaona, tukamwacha yule anayetupigia kelele kila usiku wa mvua. Basi, tulifuta ubao tukatoka nje.

Vitu vinne

Tuliwaambia watoto kwamba makazi si mahali tu. Makazi ni vitu vinne pamoja: chakula, maji, mahali pa kujificha na kuzalia, na nafasi ya kutosha. Kila kikundi kilitafuta kiumbe kimoja na kuuliza maswali hayo manne. Konokono walipatikana chini ya majani yenye unyevu. Nyungunyungu walipatikana kwenye udongo mweusi na laini, lakini kwenye njia tunayokanyaga kila siku hakuna hata mmoja. Ardhi ile imekuwa ngumu kama saruji, maji hayaingii, na majani ya kula hayapo.

Na chura? Yeye anahitaji pande zote mbili. Mayai yake yanakaa majini, na mtoto wake anapumua majini kama samaki. Akikua anatoka nchi kavu, lakini ngozi yake lazima ibaki na unyevu. Ukikausha dimbwi, hakuna chura. Ukifyeka majani yote ya kando, vilevile atapata shida.

"Na mnyama akihamishwa?"

Swali hilo lilitoka kwa msichana wa darasa la nne, na darasa lote likanyamaza. Sababu mnaijua. Wengi wetu tunakumbuka namna watu walivyovuka mpaka kutoka Goma mwezi wa Januari 2025.

Tulimjibu kwa mfano wa sambaza. Zamani ziwa Kivu halikuwa na sambaza. Ni samaki wa Tanganyika, jamaa ya ndagala, na walihamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenyewe wasingeweza kuja, kwa sababu mto Ruzizi unatoka Kivu kuteremkia Tanganyika kwa maporomoko makali. Huku walikuta vijidudu vidogo sana vya majini katikati ya ziwa, ambavyo hapakuwa na samaki wa kuvila vizuri. Wakazaana. Leo ndio hao wavuvi wanaowafuata usiku kwa taa, na ndio tunaokula. Kijana mmoja akasema: "Kumbe sambaza naye ni mugeni!" Tulicheka wote.

Lakini hatukuwadanganya watoto. Si kila kiumbe kinaweza kuhama. Hapo juu yetu kuna msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta kama 28,000. Ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi ya watu, wakiwemo waliorudi nchini baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600 tu. Sokwe wachache waliosalia humo wamezungukwa na mashamba, hawana pa kwenda. Mwaka 2015 Rwanda iliufanya msitu huo, pamoja na ule wa Mukura, kuwa hifadhi ya taifa, na miti inarudishwa pole pole.

Mto Sebeya na kuni zetu

Msitu ukiondoka, hata watu wa chini wanaumia. Mto Sebeya unateremka kutoka upande wa milima hiyo, unapita Nyundo na Rugerero, unaingia Kivu. Mvua kubwa ikinyesha unakuwa mwekundu kwa udongo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 ulifurika na kubomoa nyumba nyingi. Katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule, watu zaidi ya 130 walikufa katika Rwanda. Ndiyo sababu matete na mianzi ya kando ya mto ina kazi: mizizi yake inashika udongo. Tena humo ndimo chura anajificha na ndege wanajenga.

Tulipofika hapo, mtoto mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mama ananitumaka kule kule kutafuta kuni. Sasa siye tutapika na nini?"

Wazazi, hatukuwa na jibu la haraka. Mama anayetaka watoto wale jioni hana kosa, na somo la shule haliivishi maharagwe. Lakini tunaomba haya tunayoweza:

- Watoto waokote vijiti vilivyokauka na kuanguka. Wasing'oe matete wala kukata mianzi ya kando ya mto.
- Wasiende mtoni peke yao, hasa wakati wa mvua.
- Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe. Kuni zitatosha siku zaidi.

Jaribuni nyumbani

Jioni, mwulize mtoto: "Leo umeona kiumbe gani? Anakula nini, anakunywa wapi, anajificha wapi, nafasi inamtosha?" Nanyi mwelezeni miti na wanyama wa kule mlikozaliwa, Masisi, Rutshuru au Kalehe. Wengine hawajawahi kupaona, na sisi walimu hatuwezi kuwasimulia kama ninyi.

Konokono wakishatazamwa, warudishwe chini ya majani yao. Na beseni, mama, ataiosha mwenyewe. Tumemwambia.