Juu ya nini vali inafunga kwa lita 8 wakati mteja amelipia 10

Mtu wa Mapendo akitaka kupigia ndugu yake wa Kinshasa, anatoa saa moja tu kichwani. Saa za miji hii hazilingani, lakini tofauti yake haibadiliki, njo maana hakuna anayepotea.

Badogo zetu wa finaliste wanafikiri saa mbili ndani ya mtambo mmoja ni vile vile. Hapana. Kila saa inafuata kristali yake, na hata kristali mbili zenye namba ile ile zinaachana pole pole. Mpigo wa moja unaweza kuanguka popote kati ya mipigo ya nyingine.

Tuseme unatengeneza bomba la kuuza maji. Sensa inahesabu lita kwa biti nne. Chipu, kwa saa yake, inasoma hesabu ile mara milioni 50 kwa sekunde, na ikiona 10 ao zaidi, hata mara moja, inafunga vali. Kutoka 7 kwenda 8, 0111 inakuwa 1000. Biti zote nne zinageuka, lakini si kwa wakati mmoja kabisa. Chipu ikisoma pale katikati, ile ya kushoto imeshapanda, zingine tatu hazijashuka: 1111, yaani 15. Vali inafunga. Mama amelipia lita 10, bidoni yake iko na 8. Eleza wewe! Na kwenye simulasyo ya kawaida yote ilikuwa sawa.

Kuna shida nyingine ya chini zaidi. Baskule inataka data itulie kidogo kabla na kisha ya mpigo. Data ikigeuka hapo hapo, baskule inaweza kubaki kati ya 0 na 1, kama sarafu iliyosimama kwa ukingo, na hakuna anayejua itaanguka lini. Hiyo ni metastabilite. Chaney na Molnar waliichapisha mwaka 1973.

Dawa yake ni baskule mbili zinazofuatana, zote kwa saa ya anayepokea. Ya kwanza ikiyumba, inapata karibu mpigo mzima wa kutulia. Hatari haiishi, ila inapungua sana sana.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni kuweka baskule mbili kwa kila biti ya hesabu na kulala usingizi. Kila biti itatoka safi, ndiyo, lakini moja inaweza kutangulia wenzake kwa mpigo mmoja, na 15 inarudi. Hapo njo tunahitaji msimbo wa Frank Gray wa Bell Labs, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Kwake 7 ni 0100, 8 ni 1100: biti moja tu inageuka. Ukisoma katikati utapata 7 ao 8, hakuna ya tatu. Ushike msimbo kwanza kwenye baskule za upande wa sensa, ndipo uvushe.

Na kifungo cha kuanzisha? Kidole cha mtu hakifuati kristali yoyote. Kipitishe pia kwenye baskule mbili, kisha ndipo ukigawe kwa sehemu zingine, si mbele.