Siri ya jiko lenye kiuno na maswali lisiyoyajibu

JIONI inapoingia katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, majiko ya makaa hutolewa nje na kupepewa kwa kipande cha katoni hadi moto ukolee. Jiko lenyewe ni la bati, limebanwa katikati mithili ya nyigu, na katika nusu yake ya juu mmepachikwa bakuli la udongo uliochomwa. Ni wachache mno wanaolitazama na kufikiria uhandisi. Hata hivyo, umbo hilo halikuzuka kwa bahati. Lilipatikana baada ya miaka kadhaa ya kubuni, kujaribu, kushindwa na kurekebisha.

Kabla yake, wakazi wengi wa mijini walitumia jiko la bati tupu, ambalo inasemekana liliingia nchini pamoja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya kuelekea Uganda. Jiko hilo lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lakini lilikuwa na ila kubwa: bati hupitisha joto upesi. Vipimo vya wataalamu vilionyesha kwamba ni kati ya asilimia 10 na 20 pekee ya joto iliyoifikia sufuria. Zaidi ya nusu ilipotelea ubavuni mwa jiko. Mama aliyenunua mkebe wa makaa kwa pesa za kubahatisha alikuwa, kwa hakika, akiupasha joto ua wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasara hiyo iligeuka kuwa suala la kitaifa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika kipindi cha miaka kumi, nayo misitu ilikuwa ikipungua. Agosti 1981 Nairobi iliandaa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wizara ya Nishati, kwa ufadhili wa Marekani, ilianzisha mradi wa kutafuta jiko bora, na baadaye KENGO, muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali katika sekta ya nishati, ukajiunga katika kulisambaza. Miongoni mwa wabunifu, anayetajwa zaidi ni Maxwell Kinyanjui.

Wabunifu hao hawakuanzia patupu. Nchini Thailand kulikuwa na jiko la ndoo ya bati lililotandikwa udongo kuanzia juu hadi chini, na hilo ndilo walilolichukua kuwa mfano. Wazo lilikuwa zuri: udongo haupitishi joto haraka, kwa hiyo moto hubaki unapohitajika. Lakini kitu kinachofaa Bangkok si lazima kifae Kariobangi. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo, na viwili hivyo vikifungamanishwa visivyo, udongo hupasuka. Isitoshe, udongo wa kutandika jiko zima ni mzito na ni ghali.

Pia palikuwa na suala la ugali. Anayesonga ugali huhitaji kuushika mwiko kwa nguvu na kuikandamiza sufuria huku na huku. Jiko lenye kitako chembamba kama cha ndoo huyumba, na maji moto yakimwagika yanaweza kumchoma mtoto aliyeketi karibu. Hapa ndipo maoni ya wanawake, ambao walihusishwa katika majaribio, yalipokuwa na uzito kuliko hesabu za maabara. Mbunifu asiyewahi kusonga ugali angewezaje kulijua hilo?

Jibu lilikuwa kiuno. Jiko lilipanuliwa juu na chini, likabanwa katikati. Udongo ukawekwa katika nusu ya juu tu, palipo na moto, ukaegemea mteremko wa bati bila kuhitaji kushikiliwa na kitu kingine. Nusu ya chini ikabaki bati tupu, kwa kuwa huko huanguka majivu tu na hakuna joto la kuhifadhi. Kati ya udongo na bati ikapakwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vamikulaiti, ili kuzuia joto na kuupa udongo nafasi ya kutanuka. Kitako kipana kikaleta uthabiti, nacho kijilango cha chini kikamwezesha mpishi kudhibiti hewa. Kiwango cha joto linaloifikia sufuria kilipanda hadi kati ya asilimia 25 na 40.

Muundo huo uliachwa wazi kwa mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Shauri Moyo, waliofunzwa kuutengeneza na kisha wakaunakili watakavyo. Kazi iligawanyika: wafinyanzi wakachoma udongo, mafundi wakakunja bati, wachuuzi wakauza. Ushindani uliishusha bei, na jiko lililoanza kama bidhaa ya wenye uwezo likawafikia wa kipato cha chini. Lilivuka mipaka pia. Jiko Bora la Tanzania, Lakech la Ethiopia na Gyapa la Ghana yote yana nasaba nalo.

Uhuru huo, hata hivyo, ulikuwa na gharama. Fundi anayetaka kuuza rahisi hupunguza unene wa bati, huchoma udongo nusunusu au huacha kabisa tabaka la vamikulaiti. Kwa macho, jiko hilo halitofautiani na lililo bora. Lakini kama wabunifu wangeufungia muundo wao kwa hataza, huenda leo lingekuwa jiko zuri sana linalopatikana katika maduka machache.

Zaidi ya hayo, jiko hili liliwafaa zaidi wakazi wa mijini. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 55 ya familia nchini zilipika hasa kwa kuni, huku zilizotegemea makaa zikiwa asilimia 12 hivi. Kwa wapishi wa kuni kulibuniwa jiko jingine, Maendeleo, ambalo baadaye liliitwa Upesi, la udongo unaojengewa mekoni kwa matope. Vikundi vya akina mama wafinyanzi magharibi mwa nchi vilijipatia riziki kwa kulitengeneza.

Vilevile, kiuno hakikuondoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huripotiwa watu waliolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, wasiamke tena. Wala jiko haliwezi kuokoa kuni zinazopotea msituni, ambako tanuri la jadi hugeuza sehemu ndogo tu ya uzito wa mti kuwa makaa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya gunia ilipaa, na mwenye jiko bovu ndiye aliyeumia zaidi.

Mnunuzi mzoefu sokoni huugonga udongo kwa kifundo cha kidole kabla ya kutoa pesa. Ukilia kama kengele, hulinunua jiko. Ukitoa sauti nzito iliyofifia, huenda una ufa usioonekana, naye hulirudisha na kuligonga la pili.